Saiti ya maktaba ya chuo imenila bando na nauli, eti hawana ushairi wa Kiswahili

Jamani nina hasira mpaka leo, mtanivumilia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasoma masta wikiendi, naishi Mbagala na chuo ni daladala mbili, kwa hiyo kabla sijatoka nyumbani naangalia kwanza kwenye simu kama kitabu kipo. Saiti ya maktaba kazi yake si ndio hiyo?

Wiki kama tatu zimepita, usiku, watoto wamelala, nikaingia. Ukurasa wa mbele mapicha ya mahafali tu na salamu za mkurugenzi, pa kutafutia kitabu hupaoni, pamefichwa ndani ya menyu pameandikwa OPAC. Sasa OPAC nani anaijua? Kumbe ni katalogi, zile droo za kadi za zamani zimehamia kwenye kompyuta, si wangeandika tu "Tafuta kitabu". Nikabonyeza kwa kubahatisha, nikachagua Subject maana nilikuwa natafuta mada, sina jina la kitabu, nikaandika ushairi wa Kiswahili. Jibu: No results found! Na alama ya mshangao wameweka. Maktaba ya chuo, Tanzania hii, haina ushairi wa Kiswahili! Nikaandika mashairi, hamna, tenzi, hamna, diwani, hamna, bando likaisha.

Jumamosi nikaenda hivyo hivyo kwa sababu kazi ya kukusanya ilikuwa imekaribia. Kaunta kuna kijana, namsalimia anaitikia huku macho yako kwenye simu, namweleza shida yangu ananijibu "mama, kila kitu kiko kwenye OPAC." Nikamwambia baba, huko ndiko nilikotoka, hakuna kitu. "Basi kama hakuna, hakuna." Basi! Sikupewa hata pole.

Aliyeniokoa ni dada mmoja aliyekuwa anarudisha vitabu kwenye rafu, alinisikia. Akanishika mkono mpaka kwenye rafu za namba PL8704. Rafu mbili zimejaa, diwani za zamani, tenzi, uhakiki, vingine vina vumbi kabisa yaani havijaguswa siku nyingi, nikasimama pale machozi yananilengalenga. Ndio akanielewesha kwamba mada zote kwenye katalogi zimeandikwa Kiingereza, wanafuata orodha ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani kule Washington, kwa hiyo inabidi uandike Swahili poetry. Na hizo diwani nyingi majina yake hayana neno ushairi, ndio maana hata ukitafuta kwa jina huzipati. Yaani mimi niko Dar, natafuta mashairi ya lugha yangu, mpaka nijue neno la Washington!

Sawa, naelewa wakutubi wanafuata orodha moja ili katalogi zao zielewane, sisemi waifute. Ila chini ya ule ukurasa wameandika wanatumia Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand, mtu anaruhusiwa kuirekebisha bila kulipia leseni, na dada mwenyewe kaniambia inawezekana kuweka rejeo ili mtu akiandika ushairi apelekwe panapohusika. Kazi ya mkutubi na mchana wake mmoja, haijafanyika, halafu watasema wanafunzi hawasomi!

Nilitaka kuwapa nyota moja. Nikamkumbuka yule dada nikasema nne, maana vitabu wanavyo na vizuri kweli, nimemaliza kazi yangu kwa vitabu vyao. Hapana, mbili. Dada hapatikani saa tano usiku kwenye simu yangu, na wangapi waliona ile No results found wakaamini, wakabadilisha mada ya tasnifu?

Dada aliniandikia nyuma ya fomu ya kuazima: Swahili poetry, Swahili fiction, Swahili drama. Jana usiku nimejaribu tena neno ushairi, bado vile vile. Ile karatasi nimeibandika ukutani juu ya meza, na wenzangu watatu wa darasani wameshaniomba niipige picha niwatumie.