Mbavu tatu, bila kisu: uzoefu wangu, Lamu

Niliteleza gatini maji yamekupwa, pale ngazi za chini zinapobaki na ukoga, nikaangukia ubavu kwenye ukingo wa mashua. Kituo cha kwanza walinipa panadol, wakaniambia nikapumzike. Pumziko hilo ndilo lililonizidishia: kulala chali sikuweza, kukohoa niliogopa, makohozi yakaanza kunijaa. Kwa huduma hiyo natoa nyota moja, na hiyo ni kwa heshima ya nesi aliyenishika mkono.

Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka Malindi. Boti ikigonga wimbi, machozi yananitoka mbele za watu, mtu mzima mimi.

Malindi eksirei ilionyesha ubavu wa 7, wa 8 na wa 9 upande wa kushoto, kila mmoja umevunjika mahali pamoja na haujahama. Wakapiga na ultrasaundi, kwa sababu bandama iko karibu na mbavu za chini za upande huo. Nikamuuliza daktari atanipasua lini. "Nikupasue kwa lipi?" akasema. Mbavu kama zangu huunga zenyewe, kwa kawaida wiki 6 hivi, na kinachomuua mgonjwa mara nyingi ni nimonia, inayoingia mtu akivuta pumzi fupi fupi kwa kuogopa maumivu.

Kwa hiyo dawa za maumivu nilipewa kwa saa, si kungoja mpaka niumwe. Nikachomwa na sindano ya ganzi kati ya mbavu, na hapo ndipo nilipovuta pumzi ya kushiba. Hiyo peke yake ina nyota tano. Kisha kila saa mazoezi: pumzi ndefu, shikilia kidogo, halafu kohoa umekumbatia mto. Kulala, nusu kukaa.

Shangazi yangu alikuja na leso mbili anifunge kifua kama walivyofungwa wazee wetu. Daktari akamwambia kwa adabu, "Mama, tukimbana, mapafu hayatanuki." Shangazi hakuridhika, na leso akaniachia juu ya mto wa kulalia.

Upasuaji nao una watu wake. Kijana wa kitanda cha pili, ajali ya bodaboda, mbavu zake kadhaa zilizofuatana zilikatika mahali pawili pawili. Akivuta pumzi, kipande kile cha kifua kinadidimia wakati kwingine kunapanda. Yeye alihamishiwa Mombasa akafungwe vibati vya titaniamu kwa skrubu. Hali kama yake, au mfupa uliohama sana, au mgonjwa anayeshindwa kuachishwa mashine ya kupumulia, hapo kisu kina maana. Kwa zangu kingekuwa kidonda na hatari ya usaha bure.

Matibabu yenyewe nayapa nyota nne. Ya tano imeliwa na barabara. Ukiambiwa nenda nyumbani, usitoke kabla hujauliza utapumuaje na dawa utameza saa ngapi. Na ukipata homa, ukitema damu au pumzi ikikata ghafla, rudi hata kama ni usiku na boti ni ya kukodi.