Siku tatu kwenye ngome za Shivaji Maharaj, uzoefu wangu (nyota 3 kati ya 5)

Niko Pune, India, mwaka wa tatu sasa nasoma, na kila Diwali naona kitu kilekile, watoto wa mtaa wanachota udongo wanajenga kangome nje ya fleti, wanaotesha nyasi juu yake, wanapanga visanamu vya askari na kileleni kabisa wanamkalisha mtu mwenye ndevu kwenye kiti cha enzi. Mwaka wa kwanza nilidhani mchezo tu. Kumbe ndo yule yule mwenye sanamu kila kipilefti, yule picha yake imebandikwa nyuma ya kila bajaji ya mji huu, Chhatrapati Shivaji Maharaj, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17. Na ushauri wa kwanza kabla hata sijaanza kulalamika, huku usiseme "Shivaji" kavukavu kama unamtaja jirani yako. Maliza na Maharaj. Mimi nilikosea mara moja kwenye basi, macho niliyotazamwa nayo nayakumbuka mpaka leo.

Sasa Diwali hii chuo kimefungwa, mimi na mwenzangu mmoja wa Mombasa tukaona tangazo la pakeji, siku tatu ngome tatu, Pratapgad, Raigad na Janjira, rupia 6,500 kwa kichwa, gari la kiyoyozi, malazi, chakula, tiketi zote, mwongozaji wa Kiingereza. Kampuni siitaji jina, sitaki kesi. Tukalipa kwa simu, risiti ikaja WhatsApp, tukaambiwa tuwe kituoni saa 11 alfajiri. Gari limefika saa 1 na nusu. Kiyoyozi kilikuwepo ndiyo, kinapuliza hewa ya moto, tukafungua madirisha. Na mwongozaji wa Kiingereza ni mzee wa miaka kama sitini na kitu, Kiingereza chake kinatosha kusema "left", "right" na "photo", mengine yote ni Kimarathi na Kihindi. Namshukuru Mungu Kihindi changu cha sokoni kilikuwa kimeshakomaa kidogo.

Lakini huyo mzee ndo amewapa hizo nyota tatu, bila yeye ningeandika moja. Alituambia tumwite Kaka. Kimarathi kaka ni baba mdogo, na mjomba ndo anaitwa mama, kwahiyo safari nzima abiria wanamwita dereva mwenye sharubu "mama, simamisha gari", mwenzangu alicheka mpaka machozi, na mimi mpaka siku ya tatu nilikuwa sijazoea.

Siku ya kwanza Pratapgad. Njia inapita Wai, Panchgani, Mahabaleshwar, milima na ukungu, ukitoka Tanga utadhani uko Lushoto sema barabara ina kona nyingi zaidi, mtu mmoja alitapika, yaliyobaki tuyaache. Ngome yenyewe sio kubwa sana, ila hapa ndo habari ilipoanza kunikolea, kwasababu Kaka alitusimamisha ukutani akaonyesha msitu kwa chini akasema pale. Tarehe 10 Novemba 1659, Afzal Khan, jemadari wa usultani wa Bijapur, jitu la miraba minne, kaja na jeshi kubwa kumkamata huyu kijana wa miaka 29 aliyekuwa anawanyang'anya ngome moja baada ya nyingine. Wakakubaliana wakutane kwenye hema chini ya ngome, kila mmoja na walinzi wachache. Wakakumbatiana. Khan akambana kichwa akamchoma na jambia, lakini jambia likagonga deraya iliyofichwa ndani ya kanzu, na Maharaj kiganjani alikuwa amevaa makucha ya chuma, wanayaita wagh nakh, kucha za chui milia, akampasua tumbo. Halafu askari waliokuwa wamejificha msituni wakatoka. Kaka anasimulia kwa mikono na macho, utadhani alikuwepo. Nikamuuliza hayo makucha yako wapi sasa, akasema yalikuwa London, na kweli mwaka 2024 makumbusho ya Victoria and Albert yaliwakopesha Maharashtra, ndo jimbo hili la Pune, yakapelekwa mji wa Satara, ingawa wenyewe makumbusho wanasema hawana uhakika kama ndo yale yale. Hilo Kaka hakulisema, nilikuja kulisoma mwenyewe, na sikuona sababu ya kurudi kumbishia.

Kaburi la Afzal Khan nalo liko hapo hapo chini ya ngome.

Tulilala Mahad. Hoteli ya kawaida, maji ya moto yanapatikana kwa muda wa saa moja tu asubuhi, shuka safi. Sina la kusema zaidi.

Raigad sasa. Hapa kampuni imeniudhi kweli. Pakeji imeandikwa tiketi zote, tumefika pale kwenye gari la waya, yule kijana wao wa ofisini anasema kwa simu "tiketi zote" maana yake za kiingilio, gari la waya jitegemee, au mpande ngazi. Ngazi za Raigad zinahesabiwa 1,737, na ilikuwa saa 4 asubuhi jua limeshapamba moto. Tumelipa. Halafu kwenye kiingilio chenyewe wageni wana bei yao, kubwa mara nyingi kuliko ya wenyeji, na ile nayo wakataka kutudai tofauti, hapo mwenzangu akageuka Mmombasa kamili, akasema naye Kiswahili kitupu kwa sauti ya juu, hakuna aliyemwelewa ila wote walimwelewa, wakalipa wao.

Ukifika juu unasahau. Ni mlima umekatwa kichwa ukawa bapa, pande zote genge, kama mita 820 juu ya bahari, yani hata bila ukuta adui ungemwona anakuja tangu jana yake. Hapa ndo Maharaj alipofanya makao makuu, na hapa tarehe 6 Juni 1674 akavikwa taji, akaletwa pandit, yani msomi wa dini, Gaga Bhatt kutoka Varanasi kuongoza ibada, na hata Waingereza wa Bombay walimtuma mtu wao, Henry Oxenden, aje na zawadi. Kaka alitupeleka sokoni, yani mabaki ya soko, safu mbili za maduka zimetazamana na misingi yake iko juu kama kifua cha mtu, wanasema ni ili mteja anunue akiwa juu ya farasi bila kushuka. Halafu ukumbi wa kiti cha enzi. Alitupanga sisi kwenye lango kubwa la Nagarkhana, yeye akaenda mpaka pale kiti kilipokuwa, mbali kabisa, akachana karatasi. Tukaisikia! Nilimwambia arudie, akarudia, akawasha kiberiti, nacho tukakisikia. Hakuna spika, hakuna waya, mawe tu na akili ya fundi.

Na fundi mwenyewe anajulikana, Hiroji Indulkar, jina lake limechongwa kwenye jiwe pale hekalu la Jagdishwar, kwamba yuko tayari kwa utumishi. Hatua chache mbele ndo kaburi, samadhi wanaita, sehemu alipochomwa Maharaj baada ya kufariki tarehe 3 Aprili 1680 akiwa na miaka 50 tu. Viatu unavua. Kulikuwa na familia imetoka mbali, bibi mmoja kaweka ua akalia kimyakimya, mtu aliyekufa miaka zaidi ya 340 iliyopita analiliwa kama amezikwa wiki jana, mimi nikasogea pembeni maana nilijiona kama nimeingia msibani bila kualikwa.

Hadithi niliyoondoka nayo lakini ni ya Hirkani. Muuza maziwa wa kijiji cha chini, kapanda kuuza, jua limezama malango yamefungwa na amri ni yasifunguliwe mpaka asubuhi, na nyumbani kaacha mtoto mchanga. Yule mama akashuka genge gizani kwa mikono yake. Maharaj aliposikia badala ya kumwadhibu akamtunza, halafu akajenga ukuta na mnara palepale alipopita na kuupa jina lake. Kusifu na kuziba tundu kwa mpigo mmoja, huyo ndo mfalme bwana. Nimechungulia kutoka kwenye huo mnara nikarudi nyuma haraka.

Kitu kimoja kwenye Raigad usitegemee majumba. Mwaka 1818 Waingereza waliipiga mizinga na moto ukala karibu kila kitu, unachoona ni misingi, malango, matangi ya maji na minara. Bila wa kukusimulia ni mawe. Kulikuwa na kundi jingine halina mwongozaji, wamezunguka nusu saa wamepiga selfi wameshuka.

Jioni tukateremka pwani mpaka Murud, nikasikia harufu ya bahari nikaanza kuongea sana, nilikuwa sijaiona miezi nane. Chakula cha usiku kilikuwa bora kuliko kote, samaki wa kukaanga wanamwita surmai, nikamtazama nikasema huyu si nguru huyu, na wali, na kinywaji cha zambarau cha kokum kina ukwaju-ukwaju fulani. Hapo wapewe haki yao.

Siku ya tatu Janjira, na ndo maana hasa naandika. Hii pakeji inaitwa ngome za Shivaji Maharaj, lakini Janjira hakuwahi kuishika. Alijaribu zaidi ya mara moja, mwanae Sambhaji naye akajaribu mwaka 1682, wapi. Maharaj alifikia kujenga ngome nyingine baharini karibu yake, Padmadurg, awabane, bado wapi. Na waliomshinda ni nani? Masidi. Wahabeshi, watu weusi, asili yao Ethiopia na pembe ile ya Afrika, walioletwa India wakiwa watumwa, askari na mabaharia, mpaka wakawa makamanda wa jeshi la majini na watawala wa pwani hii, dola yao ndogo imedumu mpaka 1948 ilipounganishwa na India.

Unafika kwa mashua ya tanga kutoka Rajapuri, na mashua Kimarathi ni hodi, manahodha wanaita "hodi, hodi" na mwenzangu kila mara anaitikia "karibu". Ngome inatoka majini moja kwa moja, hakuna ufukwe, minara 19, na lango hulioni mpaka uwe umelikaribia kabisa, adui angezunguka akiliwa risasi huku anatafuta mlango. Hata jina ni lile la Kiarabu, jazira, kisiwa. Langoni kuna jiwe limechongwa mnyama kama simba amekamata ndovu kwenye makucha, yani wenyewe walijiona hivyo. Ndani mizinga mikubwa bado ipo, huo unaoitwa Kalal Bangdi siwezi kuukumbatia, na visima viwili vikubwa vya maji baridi katikati ya bahari ya chumvi. Mwenzangu kakulia jirani na Fort Jesus, iliyochukua Waomani karibu miaka mitatu kuitoa mikononi mwa Wareno mpaka Desemba 1698, akakaa kimya muda mrefu halafu akasema "hii isingetoka".

Dakika 45. Ndo muda tuliopewa. Nahodha anapiga mluzi turudi. Na Kaka, mzee wangu aliyesimulia Raigad saa nne bila kuchoka, Janjira kasema maneno mawili matatu akanyamaza. Nikamuuliza habari za Masidi, akasita, akasema beta, yani mwanangu, hii sio ngome yetu. Nikamwambia nusu ni yetu sisi. Akacheka sana, halafu kwenye mashua akanieleza mwenyewe habari za Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa mtumwa akaishia kuiendesha dola ya Ahmadnagar, ambaye babu yake Maharaj, Maloji, na baba yake, Shahaji, walipigana chini yake, na vita vya kuvizia milimani vilivyompa Maharaj jina, Malik Ambar alikuwa anawapigia nazo Wamughal, dola kubwa ya kaskazini mwa India, kabla Maharaj hajazaliwa. Hiyo ingetosha pakeji nzima, na imesimuliwa kwa bahati kwasababu mimi nimeuliza.

Kwahiyo nyota mbili nimekata kwa gari, kwa tiketi na kwa hizo dakika 45. Ukienda nenda Oktoba mwishoni mpaka Februari, wakati wa masika yao mashua haziendi. Beba kofia, pesa taslimu ya tiketi, viatu vya kushika mwamba, na kabla hujalipa uliza ni mwongozaji yupi. Pesa ya gari la waya nimewadai, wamerudisha nusu, wameniomba nisiandike. Januari naenda Rajgad, ngome nyingine ya Maharaj, kwa basi la kawaida, namba ya Kaka ninayo na kasema atakuja, mradi chapati za mtama na dengu nilipe mimi.