Gari la umeme la mtumba baada ya miezi minane: ahadi ya kibandiko na mlima wa Kikuyu

Nililinunua gari hili mwezi Machi katika yadi moja ya Ngong Road, Nairobi, baada ya kulizunguka mara tatu na kusoma kibandiko kilichokuwa kwenye kioo cha mbele: uchafuzi sifuri, kilomita 280 kwa chaji moja. Ni gari dogo la umeme lililosajiliwa Japani mwaka 2017, lenye betri ya kilowati-saa 30. Nilipomwuliza muuzaji betri imebakiza nguvu kiasi gani, alinijibu kwa adabu, "Mama, hili gari halijui moshi, na betri iko sawa kabisa." Nikaridhika na jibu hilo, ilhali lilikuwa jibu la swali ambalo sikuuliza.

Niseme mapema kwamba silijutii. Naishi Kikuyu na kufanya kazi katikati ya jiji, mwendo wa takriban kilomita 20, na njia hiyo imenifunza tabia ya gari hili kuliko kijitabu chochote. Asubuhi nikiteremka Waiyaki Way, kila ninapoinua mguu kwenye pedali mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, hata nikafika mjini nimetumia asilimia 10 tu. Jioni hali hugeuka: mlima uleule, foleni ya Kangemi, taa zimewaka na mvua inanyesha, nafika nyumbani asilimia 22 imekwisha. Kwa siku nzima hiyo ni kama uniti 8 za umeme. Ndani ya gari kuna utulivu ambao sikuwahi kuupata katika gari la petroli, na dereva wa bodaboda anayesimama ubavuni mwangu kwenye foleni havuti moshi wangu. Jambo hilo nalithamini sana.

Lakini kilomita 280 sijaziona hata siku moja. Mwezi wa pili baada ya kulinunua nililipeleka kwa fundi wa Industrial Area, akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akaisoma kompyuta ya gari kwenye simu yake, kisha akanigeuzia kioo nijionee mwenyewe: afya ya betri, yaani uwezo uliobaki ikilinganishwa na ilipokuwa mpya, asilimia 74. Mwenye gari wa kwanza ndiye aliyeitumia miaka yake bora. Tena hata lilipokuwa jipya, namba ile ya 280 ilitokana na jaribio la Japani, ambalo lilikuwa la upole mno, kwani gari hilohilo lilipopimwa kwa utaratibu wa Marekani liliandikiwa kilomita 172. Mimi hupata 120, nikiendesha kwa uangalifu. Tangazo lililoandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Japani lilivuka bahari pamoja na gari, likafika Ngong Road bila kubadilishwa hata nukta, na hilo ndilo ninalolilalamikia hasa.

Maneno "uchafuzi sifuri" nayo yana historia yake. Mwaka 2007 Norway iliwakataza watengenezaji magari kuyaita magari yao ya kijani au safi katika matangazo, kwa sababu hakuna gari linaloyafanyia mazingira wema. Volkswagen iliuza magari yake ya dizeli Marekani kwa jina la dizeli safi hadi Septemba 2015, ilipobainika kwamba programu ya kudanganya vipimo vya moshi ilikuwa imewekwa katika takriban magari milioni 11 duniani. Na Februari 2024, mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya BMW na MG yaliyotumia maneno hayohayo ya uchafuzi sifuri, kwa kuwa hayakueleza kwamba sifuri hiyo ni ya wakati wa kuendesha tu. Kuchimba madini, kutengeneza betri na kuzalisha umeme havimo ndani yake.

Hapa kwetu Kenya hesabu ya umeme ni nzuri, na sifa hiyo si ya mtengenezaji wa gari. Ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, ya mabwawa ya Mto Tana, na ya mitambo ya upepo ya Loiyangalani yenye uwezo wa megawati 310. Gari hilihili likichajiwa katika nchi inayotegemea makaa ya mawe huwa na hesabu nyingine kabisa. Mimi huchaji baada ya saa sita usiku, wakati mahitaji ya nchi yamepungua na mitambo ya mafuta haihitajiki sana.

Hesabu ya madini ndiyo inayonisumbua. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kutengeneza betri kama hii, karibu asilimia 70, hutoka Kongo, na mji wa Kolwezi uko katikati ya machimbo hayo. Wachimbaji wa kule wanazungumza Kiswahili, kama mimi na wewe. Wapo wanaoshuka kwenye mashimo waliyochimba kwa mikono. Kibandiko kinachosema sifuri kimewafuta watu hao, nami siwezi kukikubali.

Kuhusu kuchaji, usitumie soketi ya kawaida ya sebuleni kama nilivyofanya wiki ya kwanza: plagi ilipata moto hadi plastiki ikaanza kunuka. Fundi wa stima alinivutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita, wenye swichi yake, na tangu hapo sijapata shida. Vituo vitatu vya mjini nilivyovijaribu, viwili vilikuwa na plagi ya aina nyingine isiyoingia kwenye gari langu.

Kwa mwenye nyumba yenye mita yake na safari zisizozidi kilomita 80 kwa siku, nalipendekeza gari la namna hii. Mpangaji wa ghorofa ambaye maegesho yake hayana umeme asubiri kwanza. Kabla ya kulipa hata senti, mlete fundi yadini na kifaa chake, na bei ijadiliwe kwa asilimia atakayoisoma. Yadi ikikataa betri ipimwe, nenda yadi inayofuata.