Haidrenjia chini ya mparachichi: ununue au uache?

Haya, karibuni tena uani kwangu. Ngoja nigeuze simu muone vizuri. Hilo shada la pinki, kubwa kama kichwa cha mtoto, ndiyo haidrenjia mliyoniuliza kama inafaa uwanja wenye kivuli.

Mche niliununua kwa wauza maua wa barabarani hapa Arusha, elfu kumi na tano, ukiwa na ua moja la bluu. Bluu ile ndiyo iliyonitoa hela. Msimu uliofuata ukachanua pinki! Nikamrudia yule kijana nimefura, kumbe namwonea bure. Rangi inategemea udongo. Udongo wenye tindikali huachia alumini, mizizi inaifyonza, ua linakuwa bluu. Udongo wa magadi unatoa pinki, na maji ya huku, yaleyale yanayotupaka meno kahawia, mengi yana magadi. Nyeupe pekee ndiyo haina habari na hayo.

Sasa natumia shabu. Ndiyo, shabu hiihii ya kutuliza maji ya matope, maana ina alumini. Kijiko cha chai kwenye ndoo ya lita kumi, kila baada ya wiki mbili. Sogeeni hapa: hili ua jipya limetoka zambarau. Bluu yenyewe bado naisubiri.

Tuje kwenye kivuli. Huu mche unapata jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha mparachichi unaufunika. Una mashada kumi na moja, nimeyahesabu. Mwenzake yule nyuma ya tangi haoni jua kabisa: majani mapana, yanang'aa, ua hata la dawa hakuna. Kwa hiyo ukiambiwa inapenda kivuli, uliza kivuli cha saa ngapi.

Saa saba mchana majani yanalegea kama mchicha wa jana. Usikimbilie ndoo, chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Kukiwa na unyevu, jioni yatasimama yenyewe. Asubuhi yakiwa bado yamelala, hapo ina kiu kweli. Na inakunywa, jamani! Bila matandazo ya majani makavu mngeniona na ndoo kutwa.

Mkasi nao una adabu zake. Maua hutoka kwenye matawi ya msimu uliopita. Mimi niliunyoa mche mzima kama michongoma, nikala majani kwa macho msimu mzima. Kata maua yakishakauka tu, basi.

Watu wa Dar, msininunie. Inataka wiki kadhaa za usiku wa baridi, chini ya nyuzi 18 hivi, ndipo itunge maua. Lushoto, Njombe, Limuru, sawa. Kwa joto la pwani mtalea majani.

Naipa saba kwa kumi. Tatu nimezikata kwa sababu ya bili ya maji. Siku bluu ikitoka nawasha kamera hapohapo, hata kama sijachana nywele.