Seti ya tyublesi kwenye baiskeli mbili: utepe safi, silanti safi, valvu hapana

Niseme mapema, hii seti ya tyublesi, yaani ya kutembelea tairi bila tyubu, nimeifunga kwenye baiskeli mbili, ya mlimani yenye tairi za inchi 29 kwa 2.4 na ya barabarani yenye tairi za milimita 28, na majibu hayafanani hata kidogo. Ya mlimani siirudishii tyubu ng'o. Ya barabarani tutafika.

Ndani ya boksi unakuta roli ya utepe, valvu mbili za Presta (zile nyembamba za baiskeli), chupa ya silanti (yale maji meupe ya kuziba pancha) na kifungulio kidogo cha kutolea kiini cha valvu. Utepe unauzwa kwa upana tofauti, kwa hiyo pima ringi yako kwa ndani kabla hujaagiza, unataka uzidi kwa milimita mbili tatu hivi ili upande kidogo kwenye kuta. Kwa asiyejua, tyublesi ni tairi linakaa kwenye ringi bila tyubu, upepo unashikwa na tairi lenyewe pamoja na utepe uliofunika matundu ya spoki, halafu silanti inazunguka humo ndani inasubiri mwiba. Kwenye magari ni habari ya zamani sana, kwenye baiskeli za mlimani ilianza kushika kuanzia 1999 Mavic walipotoa mfumo wa UST wakishirikiana na Hutchinson na Michelin, barabarani ikachelewa sana kukubalika na ukiifunga unaelewa kwa nini.

Tuanze na utepe maana ndio roho ya kazi nzima, tyublesi nyingi zinazovuja ukichunguza vizuri kosa liko hapo wala sio kwenye tairi. Huu ni mgumu kiasi, unavutika bila kukatika, na ukiukaza kwa nguvu unalala kwenye bonde la ringi bila mikunjo. Ila ringi lazima isafishwe kwa spiriti kwanza, mafuta kidogo tu ya kidole yanatosha kuharibu. Anzia pembeni ya tundu la valvu, zungusha huku unakandamiza kwa dole gumba, upite tena juu ya lile tundu kwa sentimita kama kumi, ukiona kipovu cha hewa kisukume mpaka kitoke pembeni. Tundu la valvu toboa kwa kitu chenye ncha ya mviringo, usikate kwa kisu, mkato wa kisu unaendelea kuchanika taratibu na wewe unabaki kushangaa upepo unaishia wapi.

Kukalisha tairi sasa. Paka maji ya sabuni kwenye kingo, toa kiini cha valvu ili upepo uingie kwa wingi, halafu piga. Pampu ya kawaida ya kusimama ilikalisha zile za barabarani, lakini za mlimani iligoma kabisa, unapiga upepo unatokea pembeni tu, ikabidi kompresa na hapo zikakaa kwa sekunde moja, pa! pa! kila upande na mlio wake. Usistuke na huo mlio, ndio unaoutaka. Baada ya hapo zungusha gurudumu uangalie ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye tairi karibu na ringi, uwe sawa pande zote, kama kuna sehemu umezama basi halijakaa. Na usizidishe presha kulilazimisha, kikomo kimeandikwa kwenye tairi na kwenye ringi, unafuata kile kidogo kati ya hivyo viwili.

Silanti yenyewe naipa alama zote kwa upande wa mlimani. Mwiba uliingia tairi la nyuma, nikauchomoa makusudi nione, likatoka povu jeupe linachemka pale kwenye tundu, nikageuza gurudumu tundu likae chini ili maji yakusanyike hapo, povu likapungua likawa tone moja, tone likaganda, basi. Nikaongeza upepo kidogo safari ikaendelea. Mkato mkubwa wa jiwe haitauweza na haijawahi kuahidi, kwa huo tembea na plagi za mpira unazisokomeza kwenye tundu, pamoja na tyubu moja ya akiba kwenye mfuko, na hili la tyubu ya akiba msibishane na mimi.

Lakini raha hasa ya tyublesi mlimani ni presha kuliko hata pancha. Ukiwa na tyubu ukishusha upepo sana unagonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka matundu mawili kwa mpigo. Hapa hakuna tyubu ya kubanwa, kwa hiyo natembelea psi 22 mbele na 25 nyuma kwa uzito wangu wa kilo sabini na kitu, na tairi linashika mizizi na kokoto vizuri mno, kona ulizokuwa unaogopa unaingia umetulia. Usishushe kupita kiasi lakini, ringi bado inaweza kupondwa na kwenye kona kali tairi linaweza kucheza na kutema upepo. Habari za kupunguza uzito wanazokuza wauzaji zisikuchote, tyubu ya inchi 29 ni gramu kama 200, ukitia silanti mililita 100 hiyo ni karibu gramu 100, ongeza utepe na valvu, kilichobaki hata hukisikii.

Valvu ndizo zilizoniudhi. Kitako chao cha mpira ni cha duara na kigumu, kwenye ringi yangu yenye bonde jembamba hakikai sawasawa, upepo unapenya unatokea kwenye matundu ya spoki. Viini navyo viliziba na silanti iliyoganda mapema mno, ukipiga pampu unahisi unasukuma ukuta. Nimezitoa nikaweka nyingine zenye kitako laini cha pembe nne na shida imekwisha.

Haya, barabarani. Presha ni psi 70 hivi, tundu likitokea silanti inaruka nje kama bomba kabla haijapata muda wa kuganda, inakuchafua mgongo, fremu na aliye nyuma yako, na inakuja kuziba upepo ukiwa umeshashuka sana. Na ikishindwa kuziba ndio kasheshe, tairi za tyublesi za barabarani zinabana ringi kwelikweli, unalitoa na kuweka tyubu pembeni ya barabara mikono imejaa gundi. Kama ringi yako haina kulabu kwenye kuta za ndani, ule ukingo uliojikunja wa kushika tairi, kuwa makini zaidi, kikomo cha hizo ni ba 5 (ba ni kipimo kingine cha presha), yaani psi 72 na ushee, na tairi lazima liwe limeandikwa linakubali ringi ya namna hiyo. Sio maneno ya kutishana, mwendesha baiskeli Thomas De Gendt wa Ubelgiji alianguka kwenye mashindano ya UAE Tour 2024 na tairi likatoka kwenye ringi ya aina hiyo, mjadala ukawaka mpaka UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, wakasema watalitazama suala hilo.

Kwa hiyo ya barabarani nimerudisha tyubu. Anayepanda tairi pana za 32 kwa presha ya chini anaweza kupata matokeo tofauti na yangu, hilo nakubali.

Mengine madogo. Silanti inakauka, kwenye joto ndani ya miezi miwili mitatu, kwenye baridi inaweza kufika sita, kwa hiyo chomeka kijiti kupitia tundu la valvu uone kama bado kuna maji, kikitoka kikavu ongeza. Pima upepo kabla ya kila safari maana tyublesi inapungua yenyewe kidogo kidogo. Ile mitungi midogo ya kaboni dayoksaidi ya kujazia upepo epuka kama silanti yako ni ya mpira asilia, baadhi ya silanti hizo zinaganda vipande vipande ndani ya tairi. Na chupa ya kwenye seti ni mililita 120 tu, haitoshi magurudumu mawili ya inchi 29, agiza na chupa kubwa hapohapo.