Ukaguzi wa nyumba kabla ya kubomoa, Kampala: lipa anayepanda darini

Kuna wakaguzi wanaozunguka nyumba na simu, wakapiga picha, wakakuletea ripoti yenye jalada zuri. Wengine huja na ngazi, tochi, tindo na nondo. Pesa yako mpe huyu wa pili, hata kama bei yake imezidi.

Tofauti yao huonekana paani. Nyumba nyingi kongwe zimeezekwa asbesto, na ikipakwa rangi, kutoka chini hufanana na bati. Mkaguzi anayejua kazi huligonga paa: bati la chuma hulia, asbesto hutoa sauti nzito kama kigae. Kisha hutafuta ukingo uliovunjika, ambapo nyuzi huchomoza kama za gunia lililochanika. Hata hapo asiishie kwa macho. Avae barakoa ya FFP3 (ile inayochuja vumbi laini sana), alowanishe sehemu kwa maji yenye sabuni kidogo, akate kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, akifunge katika mifuko miwili kwa ajili ya maabara, kisha azibe pale alipokata. Akitoboa pakiwa pakavu au akifagia vumbi, msimamishe hapohapo. Vumbi hilo ndilo linaloharibu mapafu. Aangalie pia bodi za dari na mabomba ya maji ya mvua, kwa sababu asbesto haikai paani tu.

Umeme wengi huukagua vibaya. Yuniti za Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) kuisha, au swichi kuu kuzimwa, hakuondoi umeme kwenye waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita. Ripoti iandike wazi kwamba waya huo ukatwe nguzoni na shirika la umeme, na ionyeshe kila waya unaovuka kwenda mizigo ya nyuma, yaani vyumba vya kupangisha. Wapangaji wa huko huenda wanatumia laini hiyohiyo.

Ukuta unaogusana na jirani ubanduliwe lipu kidogo kwenye kona. Matofali yakiwa yamefumana pande zote mbili, usiruhusu mashine ivute. Sehemu hiyo ikatwe kwa mkono. Nyufa za jirani zipigwe picha rula ikiwa kando, na ncha zake ziwekewe alama ya penseli na tarehe.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni ardhi. Tangi la maji taka na choo cha shimo kilichofukiwa zamani huachwa nje ya ripoti, na hapo ndipo tingatinga la tani 20 hudidimia. Mkaguzi achome ardhi kwa nondo, achore vifuniko kwenye ramani, wala asiingize kichwa tangini: gesi ya humo huua.

Kibali cha kubomoa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, ni kazi nyingine. Kabla ya kulipa, mkataba utaje idadi ya sampuli, nani analipia maabara, na kama darini na ardhini vimo.