Kisanduku cha kupimia ayoni za metali: kizuri, ila chupa moja

Kisanduku hiki cha majaribio kina chumvi za metali zilizokwisha kuyeyushwa katika maji, pamoja na chupa mbili za vitendanishi, yaani kemikali za kuongezwa ili kuitambua metali: haidroksidi ya sodiamu na amonia. Kilichonivutia zaidi ni jaribio la shaba. Matone machache ya amonia yanapoingia katika mmumunyo wa salfeti ya shaba hutokea mashapo ya buluu hafifu, na amonia ikiendelea kuongezwa mashapo hayo huyeyuka, yakaacha kimiminika cha buluu iliyokolea sana, kwa sababu molekuli za amonia zimechukua nafasi ya baadhi ya molekuli za maji zilizoizunguka ayoni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji ya umeme. Mirija ni myembamba na angavu, hivyo mabadiliko yote huonekana bila kukodoa macho.

Zinki na aluminiamu zimepangwa kwa busara: zote mbili hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka haidroksidi ya sodiamu ikizidi, lakini amonia ikizidi huyeyusha yale ya zinki pekee.

Kasoro iko kwenye chuma (II), yaani ayoni ya chuma yenye chaji chanya mbili. Mmumunyo uliofika ulikuwa umeshageuka manjano, dalili ya kuoksidishwa na hewa, nao ukatoa mashapo ya kahawia badala ya kijani. Afadhali wangeweka chumvi kavu, mtumiaji akaiyeyusha mwenyewe siku ya jaribio. Kijitabu cha maelekezo, kwa bahati mbaya, hakigusii jambo hilo. Miwani ya kinga imo, na inakaa vizuri usoni.